Kidonge Walichokiita Pumzika

Mtaa mzima ulimwita Jenereta. Hakuwa fundi umeme. Alikuwa fundi rangi. Jina lilitokana na kukoroma kwake. Akijilaza baada ya chakula cha mchana, hata jirani wa ukuta wa pili alijua. Umeme ukikatika, watu walitania: "Msimwamshe fundi, tunachaji simu!"

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, hatua tatu tu kutoka mlango wa chumba cha kulala. Alikuwa ameshazoea. Mume akikoroma, mguu wake ulifuata. Khoroo, anakanyaga. Khoroo, anakanyaga.

"Huyu ndiye anayeniendeshea mashine," aliwaambia wateja. "Siku akinyamaza, nguo zenu hazitaisha."

Bibi, mama mzazi wa fundi, aliishi nao. Yeye alimtetea mwanawe. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Akilala, kuku walishuka kutoka kwenye kichanja wakidhani kumekucha."

Basi, siku moja ngazi iliteleza. Fundi akaanguka, akaangukia bega. Kwenye kituo cha afya walimpiga picha ya mifupa. Hakuna kilichovunjika. Kano zilikuwa zimevutika. Wakampa dawa za maumivu, kitambaa cha kufungia mkono na mazoezi ya kufanya ukutani.

"Usinyanyue mkono juu ya kichwa kwa wiki sita," wakamwambia.

Mwambie samaki asiloe. Fundi alikuwa na kazi ya dari ya ukumbi mkubwa.

"Dari zote ziko juu ya kichwa," alilalamika nyumbani. "Au nilale chini nipulize rangi kwa mrija?"

Wiki ya pili akarudi kazini. Bega likawaka moto. Ndipo fundi mwenzake akampa kidonge cha bluu kutoka kwenye kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo.

"Meza. Sisi tunakiita Pumzika."

Akameza. Bega likanyamaza. Mwili ukawa mwepesi kama pamba. Siku hiyo alipaka dari huku akiimba.

Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa na raha. Wiki ya tatu raha ikahama. Fundi hakutulia tena. Anakaa, anasimama. Anafungua mlango, anaufunga. Anajikuna pua. Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Vidonge vikichelewa, anatoka jasho, anapiga miayo, anagombana na redio. Simu ikilia, anatoka nayo nje.

Mama Pacha naye akakosa utulivu. Akashona mfuko wa shati mgongoni. Akaufumua. Akajiuliza mume wake ana nini. Alipokosa jibu, akajishonea la kwake: mwanamke.

Asubuhi moja, fundi akiwa anaoga, alipekua ovaroli yake yenye madoa ya rangi. Alitafuta kipini cha nywele au risiti ya hoteli. Akapata kifuko cha nailoni chenye vidonge vya bluu.

"Baba Pacha, hii nini?"

Fundi alisimama mlangoni na taulo. "Dawa ya bega."

"Dawa gani haina boksi wala jina?"

"Jina inalo. Inaitwa Pumzika."

"Nani kakuandikia?"

"Haiandikwi. Wenzangu wote kazini wanaitumia."

"Hata nguo ya mtumba ina lebo, mume wangu!" Kisha akashusha pumzi. "Kwa hiyo si mwanamke?"

"Mwanamke gani? Nani mwingine atakubali kulala na jenereta?"

Mama Pacha akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mtu akiogopa nyoka, akakuta kamba, hafikirii kwamba hata kamba inaweza kunyonga.

"Lakini nasikia mambo ya vidonge vya mtaani," alisema. "Watu wanakuwa mateja."

"Mimi teja? Mimi naamka kila siku naenda kazini. Teja namjua, na wewe unamjua."

Walimjua kweli. Alikaa mlango wa tatu kutoka kwao. Miaka mingi alitumia heroini. Watoto walikuwa wakimkimbilia wakiita, "Teja! Teja!" Naye aliwajibu, "Zamani!" Jina likamganda: Zamani. Siku hizi alifanya kazi na kituo cha afya. Alizunguka mitaani na mkoba kiunoni, akizungumza na watu wanaotumia dawa za kulevya. Alikuwa msafi, mcheshi, na alilipia nguo zake bila kuombaomba kupunguziwa. Hata hivyo, Mama Pacha hakumpa mkono. Na kila Zamani alipopita dirishani, Mama Pacha alilivuta kopo lake la vifungo ndani, asije akaliiba.

Zamani aliliona hilo. Alikuwa akisema tu, "Shemeji, vifungo havinogi hata kwa chumvi," kisha anaendelea na safari yake.

"Sisi si mateja," Mama Pacha alikata shauri. "Lakini dawa hizi nitakaa nazo mimi. Nitakukatia nusu kwa siku. Nusu haiui mtu."

Akaviweka vidonge ndani ya lile kopo la vifungo. Kila siku alichukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akakata kidonge katikati. Alikata sawasawa. Mkono wake ulikuwa na sifa. Hakuwahi kukata kitambaa mshazari. Aliona nusu zile mbili zikilingana kama vifungo vya shati moja, roho yake ikatulia kidogo.

Wiki moja ikapita. Vidonge vikaisha. Fundi akaleta kifuko kingine, kutoka kwa muuzaji yule yule wa wenzake kazini. Vilikuwa bluu ile ile, duara lile lile.

Siku ya Jumamosi fundi alirudi mapema. Mapacha walikuwa wameenda kucheza kwa shangazi yao. Akala kidogo. Mama Pacha akafungua kifuko kipya, akakata nusu, akampa na kikombe cha maji. Fundi akaenda kujilaza.

Haukupita muda, jenereta likawaka.

Bibi alikuwa akipepeta mchele mlangoni. Akacheka. "Haya! Leo mwanangu amepata usingizi. Msimsumbue."

Mama Pacha akakaa kwenye cherehani. Khoroo, akakanyaga. Khoroo, akakanyaga. Alikuwa akishona sare ya shule.

Lakini mguu wake haukuwa na raha. Mlio ule haukuwa wa siku zote. Ulikuwa na maji ndani yake, kama bomba la sinki lililoziba. Khrrr. Kimya. Mguu ukasubiri hewani. Khrrr. Akakanyaga. Kimya tena. Mguu ukasubiri zaidi.

"Mama, mbona anakoroma hivyo?"

"Uchovu, mkwe wangu. Mwache apumzike."

Akakanyaga bila kusubiri. Uzi ukakatika. Akautunga. Ukakatika tena. Alitaka kuinuka, akaona aibu. Mke gani anamwamsha mume aliyechoka kwa sababu anakoroma?

Wakati huo Zamani akafika dirishani na suruali mkononi. "Shemeji, nipunguzie miguu ya suruali hii. Mimi ni mfupi, wao walimpimia twiga."

Mkono wa Mama Pacha ukaenda wenyewe kwenye kopo.

Zamani hakutania. Alikuwa ameinamisha kichwa. Anasikiliza.

"Nani anakoroma hivyo?"

"Mume wangu. Si unamjua Jenereta?"

"Jenereta namjua. Huo si mlio wake. Amemeza nini?"

"Dawa ya bega tu..."

Zamani aliitupa suruali. Aliingia ndani bila hodi, akapita mbele ya Bibi na ungo wake, akaingia chumbani.

Fundi alilala chali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kucha zilikuwa zimeanza kuwa bluu. Zamani akamtikisa mabega.

"Fundi! Fundi! Amka!"

Kimya. Akakunja ngumi, akamsugua kwa nguvu kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Mtu aliyelala angeruka na kutukana. Fundi hakukunja hata uso. Zamani akafunua kope moja. Mboni ya jicho ilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Huyu halali, shemeji. Huyu anaacha kupumua. Bibi! Piga simu ya dharura. Sema mtu mzima hapumui vizuri, amezidiwa na dawa. Wape njia ya kufika hapa."

Bibi alikuja mbio na kikombe. "Tumnyweshe maziwa! Tummwagie maji!"

"Hapana, Bibi. Hawezi kumeza. Maziwa yataingia kwenye mapafu. Piga simu tu, mama yangu."

Bibi akapiga. Maneno yalimtoka sawasawa.

"Shemeji, nipe mkono," Zamani alisema.

Mama Pacha hakuwahi kumpa mkono. Sasa alimpa yote miwili. Zamani akaweka mmoja kwenye paji la uso wa fundi na mwingine kidevuni.

"Inamisha kichwa nyuma, hivi. Njia ya hewa inafunguka. Mdomoni hakuna kitu. Sasa bana pua. Funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza taratibu. Umeona kifua kimeinuka? Hesabu mpaka tano, puliza tena. Hesabu kama unavyohesabu mishono."

Mama Pacha akapuliza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akapuliza. Mke na mume hawakuwahi kukaribiana vile mbele ya mama mkwe, lakini nani alikuwa na nafasi ya kuona haya?

Zamani alifungua mkoba wa kiunoni. Akatoa kichupa kidogo cha plastiki. "Hii ni naloksoni. Inaifukuza dawa iliyozuia pumzi." Akakiingiza katika tundu moja la pua, akabonyeza mpaka mwisho. Akatazama saa. "Endelea kupuliza. Usiache."

Dakika moja. Dakika mbili. Jasho la Mama Pacha lilidondoka kwenye shavu la mume wake. Dakika ya tatu, bado.

"Haifanyi kazi!" alilia.

"Puliza, shemeji! Dawa za siku hizi ni kali, mara nyingine kichupa kimoja hakitoshi." Akatoa cha pili, akapuliza tundu la pili.

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akapuliza. Moja, mbili...

Kifua kikainuka chenyewe.

Kikashuka. Kikainuka tena. Wakamgeuza ubavu, goti moja mbele, ili akitapika asipaliwe. Na kweli akatapika. Kisha akafumbua macho, jasho likimtiririka, hasira usoni.

"Nani kanipiga ngumi kifuani? Mmeniamsha kwa nini?"

"Tusamehe, baba," Bibi alisema huku machozi yakimtoka. "Tulidhani unataka kuishi."

Fundi alijaribu kuinuka. "Niko sawa. Naenda kunawa."

Zamani akakaa mlangoni. "Huendi popote. Dawa niliyokupulizia ni mgeni, itaondoka mapema. Ile uliyomeza ni mwenye nyumba. Mgeni akiondoka, mwenye nyumba anaweza kurudi kufunga mlango."

Gari la wagonjwa likafika. Na kweli, jua halijazama, fundi akiwa kitandani kituoni, macho yalianza kulegea tena. Wahudumu walikuwa karibu. Wakamwongezea dawa, pumzi ikarudi. Mama Pacha aliona kwa macho yake. Kama wangebaki nyumbani, angeshona nini? Sanda.

Kesho yake asubuhi Zamani alikuja kuwatazama. Fundi alikuwa ameketi kitandani, anatikisa mguu, hatulii. Mama Pacha alikuwa anazunguka kitanda kama aliyepoteza sindano. Hatimaye akasimama.

"Mimi ndiye niliyemkatia," alisema. "Kwa mkasi wangu. Nilikata nusu kamili. Sikukosea hata kidogo."

"Mkato ulikuwa sawa, shemeji," Zamani alijibu. "Kidonge ndicho hakikuwa sawa." Akamgeukia fundi. "Wewe ndiye mtaalamu. Nikichukua ndoo ya rangi nyeupe, nikatia kijiko cha nyeusi, nikakoroga mara mbili tu, nikapaka ukuta. Nitapata nini?"

Fundi alikunja uso. "Milia. Huku nyeupe, huku kijivu, huku nyeusi tii. Mteja atakufukuza."

"Na ukinipa nusu ya ndoo hiyo?"

"Nusu ya ndoo haisaidii. Nusu yako inaweza kuwa ndiyo yenye weusi wote..." Mguu wake ukaacha kutikisika.

"Umenisaidia kueleza," Zamani alisema. "Vidonge hivi vinatengenezwa vichochoroni. Mtu anachukua unga wowote, anatia dawa kali ya jamii ya afyuni iliyoundwa maabara. Ziko aina nyingi. Mtasikia fentanili, mtasikia nitazini. Chembe kama punje za chumvi zinatosha kuzuia pumzi ya mtu mzima. Anazikoroga kwa kijiko, kwenye beseni. Kidonge kimoja kinapata kidogo, cha pili kinapata nyingi. Hata upande huu na upande ule wa kidonge kimoja hazilingani. Wengine wanachanganya na dawa za usingizi pia, na hizo naloksoni haiziondoi. Ndiyo maana tunampuliza mtu naloksoni, tunampulizia hewa, na bado tunaita gari."

"Lakini rangi yake ilikuwa ile ile," Mama Pacha alisema.

"Rangi inanunuliwa. Huwezi kujua kwa kuangalia. Wala kwa kuonja, wala kwa kunusa. Mimi wenzangu wanne walikufa kwa unga waliodhani wanaujua. Jirani zao walisema walisikia wakikoroma."

Mama Pacha alitazama mikono yake.

"Nilisema sisi si mateja," alisema polepole.

Zamani akacheka kidogo. "Shemeji, teja ni mteja aliyekatwa herufi moja. Fundi alinunua, mimi nilinunua. Muuzaji hatuulizi nani ana kazi na nani hana."

"Na lile jina," Bibi alidakia kutoka kwenye kiti chake. "Pumzika!"

"Jina ni la kweli, Bibi. Kwanza inapumzisha maumivu. Kisha inapumzisha pumzi."

Daktari alimwambia fundi asijaribu kuacha peke yake kwa ubabe. Mwili ulikuwa umeshazoea. Kule kutotulia, jasho na miayo ndiyo dalili zake. Akampangia dawa ya kumsaidia, ya kuchukua kituoni, pamoja na mazoezi ya bega. Akamwonya pia: "Ukikaa bila kutumia, kisha ukarudia hata kidogo, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili umeshasahau."

Haikuwa rahisi. Wiki mbili fundi alitembea sebuleni kama simba wa kwenye kizimba. Alipaka rangi mlango. Akapaka kiti. Bibi akaficha ungo wake. "Huyu atanipaka na mimi," alisema.

Siku aliporudi ukumbini, fundi hakupanda ngazi. Aliomba kazi za chini, kuta na milango. Kabla ya kuanza, aliwaita wenzake. Akatia kijiko cha rangi nyeusi katika ndoo ya nyeupe, akakoroga mara mbili, akapaka ubao mrefu. Milia ikatokea.

"Haya," alisema. "Hivi ndivyo Pumzika inavyokorogwa. Kila mtu achague mstari wake. Mimi nilipata ule mweusi kule mwisho."

Mmoja akajaribu kucheka. "Jenereta, wewe ulizidisha."

"Nilimeza nusu. Mke wangu alikata kwa mkasi, na mkasi wake mnaujua."

Hakuna aliyecheka tena. Yule aliyempa kidonge cha kwanza alitoa kifuko mfukoni, akakitazama kwa muda mrefu. "Huyo Zamani wenu," aliuliza, "anapatikana siku gani?"

Wiki hiyo Zamani alikwenda ukumbini mara mbili. Aliwafundisha kuamsha, kuita gari, kupuliza. Aliwaambia wazi: "Nataka muache. Lakini anayetumia leo, asitumie peke yake. Maiti haijawahi kuacha dawa." Wawili walimfuata mpaka kituoni. Vifuko vilivyobaki walivikabidhi huko.

Nyumbani, kopo la vifungo lilirudi dirishani, na halikuvutwa tena. Ndani yake, juu ya vifungo, vilikaa vichupa viwili vya naloksoni. Mama Pacha, Bibi, hata mapacha walijua kuvitumia. Walijifunza kwa mto wa kitandani. Mto ule uliokolewa mara kumi na tano.

Na suruali ya Zamani? Mama Pacha aliipunguza, akaipiga pasi, akampelekea mwenyewe mlango wa tatu. Akampa mkono.

Jumapili moja mchana, fundi alijilaza. Mama Pacha alikaa kwenye cherehani. Khoroo, akakanyaga. Khoroo, akakanyaga. Kisha kimya. Mguu ukasubiri hewani.

Hakuona aibu. Aliinuka, akaingia chumbani, akamtikisa bega zima. "Baba Pacha!"

Fundi aliruka. "Nini tena? Nilikuwa nageuka tu! Mke wangu, niache nipumzike."

"Pumzika," alisema Mama Pacha, akarudi kwenye mashine yake. "Lakini pumua."